Mkoa Mpya, Mstari Mmoja

Machi 2012 Bariadi ililala ikiwa wilaya ya Shinyanga, ikaamka makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Maswa na Meatu zilitoka nayo Shinyanga, Busega ikatoka Magu mkoani Mwanza, na Itilima ikamegwa kutoka Bariadi yenyewe. Mtunza takwimu za afya alibaki na swali: wagonjwa wa malaria walioandikwa Nkololo na Dutwa, wilayani Bariadi, miaka iliyopita wahesabiwe mkoa gani?

Tangu miaka ya 1990 zahanati zetu zinaandika wagonjwa kwenye vitabu vya MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Enzi za karatasi, mwisho wa mwezi jumla ilipelekwa wilayani, wilaya nayo ikajumlisha na kupeleka mkoani. Jumla ya karatasi ni kama uji uliokwisha kuiva: huwezi kuutoa tena unga wa mtu mmoja mmoja.

Kufikia 2013 takwimu hizo zilikuwa zinaingizwa nchi nzima katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Chini yake hufanya kazi kanzidata iitwayo PostgreSQL, ambayo chimbuko lake ni mradi ulioanzishwa na Michael Stonebraker huko Berkeley, Marekani, mwaka 1986. Wazo la kanzidata ya namna hii ni la zamani zaidi. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyewahi kuwa rubani wa kivita, akiwa mtafiti wa IBM, alichapisha makala fupi iliyopindua kazi hii. Kabla yake data zilifungwa kama matawi ya mti, na mwandika programu alilazimika kujua njia ya kulifikia kila tawi. Ukihamisha tawi, programu inapotea. Codd alisema: weka kila kitu katika majedwali, uyaunganishe kwa thamani zilizomo, kisha sema unachotaka, njia itafutwe na mashine.

Ndiyo maana jedwali la idadi ya wagonjwa halina neno Simiyu hata mara moja. Kila mstari una namba ya kituo, mwezi, aina ya takwimu na idadi. Jedwali jingine linasema kituo kiko chini ya wilaya gani, na wilaya chini ya mkoa gani. Badili namba moja kwenye mstari wa Bariadi, na wagonjwa wake wote wanahamia Simiyu, hata wa 2011. Hapo pana hatari, kwa maana Shinyanga itaonekana haikuwahi kuwa nao. Tarehe ya kuhama lazima itunzwe.

Ukiuliza watoto wangapi chini ya miaka 5 waliugua malaria Itilima mwezi Machi, kanzidata hulichambua swali, kisha hukadiria gharama ya njia mbalimbali za kulijibu, ufundi ulioelezwa na Patricia Selinger wa IBM mwaka 1979. Je, isome jedwali zima, kurasa zake za kilobaiti 8 moja baada ya nyingine? Au ipitie faharasa, ambayo kwa hatua chache tu huufikia mstari mmoja kati ya mamilioni? Kisha huunganisha majedwali na kujumlisha.

Hujumlisha kilichoandikwa tu. Muuguzi wa Nkololo, unapofunga mwezi, hesabu rejista yako mara ya pili kabla ya kutuma. Mtoto uliyemtibu bila kumwandika hana mstari popote.