Mpishi wa Keki wa Seoul na Hukumu za Watazamaji Wake

Tarehe 1 Juni 2005 kituo cha televisheni cha MBC cha mjini Seoul kilianza kuonyesha, kila Jumatano na Alhamisi usiku, tamthilia ya sehemu 16 iliyojulikana katika nchi za nje kwa jina la My Lovely Sam Soon, habari ya mwanamke mpishi wa keki na bwana kijana mwenye mkahawa alimoajiriwa. Na sehemu ya mwisho ilipotoka, tarehe 21 Julai mwaka uleule, kipimo cha utazamaji kilikuwa kimepanda hadi asilimia 50.5, kiwango ambacho tamthilia za mapenzi hazikifikii ila kwa nadra. Sifa hizo zinatajwa kila mara tamthilia hii inapotajwa. Lakini iko habari nyingine ambayo kwangu ina thamani kubwa zaidi, nayo ni historia ya maoni ya watazamaji wenyewe. Kwa kuwa watu walioishangilia mwaka 2005, na mabinti waliokuwa bado watoto wakati ule, walikuja kuihukumu kwa mizani nyingine miaka 19 baadaye, na katika tofauti ya hukumu mbili hizo mtu aweza kusoma bayana mambo yaliyobadilika katika maisha ya mwanamke wa Korea aendaye kazini.

Kisa chenyewe kilitokana na riwaya ya Ji Soo-hyun. Kim Do-woo akaiandikia televisheni, na Kim Yoon-chul akaiongoza. Kim Sam-soon ni binti wa tatu katika nyumba ya watu wa kawaida, marehemu baba yake alikuwa mwenye kinu, na jina alilopewa lina harufu ya shamba na ya zamani, hata analionea haya na kutaka kwenda mahakamani kulibadili. Ana umri wa miaka 30 kwa hesabu ya Wakorea, mwili wake ni mnene kuliko desturi ya mashujaa wa kike wa televisheni, ulimi wake hauna breki akikasirika, lakini mikono yake ina elimu aliyoifuata hadi Paris. Usiku wa mkesha wa Krismasi anamfumania mchumba wake hotelini na mwanamke mwingine, anakimbilia chooni kulia bila ya kutambua kuwa ni choo cha wanaume, na humo, wanja ukimchuruzika mashavuni, ndimo anamokutana na Hyun Jin-heon, mwana wa mama tajiri mwenye hoteli, ambaye baada ya siku chache anamwajiri katika mkahawa wake wa Kifaransa uitwao Bon Appétit. Jin-heon ni mdogo wake kwa miaka mitatu. Amechoshwa na mama yake anayemtafutia mke kila wiki, ilhali Sam-soon yuko mbioni kutafuta won milioni 50 ili nyumba ya wazazi isipotee kwa deni; ndipo mwajiri na mwajiriwa wanapoandikiana mkataba: fedha zitolewe, na mwanamke ajifanye mchumba.

Mtu asiyejua yaliyotangulia hatafahamu kwa nini habari kama hii iliwashtua Wakorea. Tamthilia za mapenzi ya mahali pa kazi hazikuwa ngeni kwao. MBC yenyewe ilikuwa imekwisha kuonyesha All About Eve mwaka 2000, yenye watangazaji wa habari wanaoshindania cheo na mwanamume mmoja, na Hotelier mwaka 2001, ambamo Bae Yong-joon alifika kuinunua hoteli akanaswa na mapenzi ya mfanyakazi wake. Katika nyingi za tamthilia za zama zile, mwanamke aliyestahili kupendwa alikuwa mwembamba, mpole, mvumilivu wa dhuluma, na aghalabu machozi yake yalikuwa ndiyo hoja yake kubwa. Na Winter Sonata ya mwaka 2002, iliyoitangaza Korea katika Japani nzima, iliusimika mtindo huo kwa theluji, maradhi na ukumbusho uliopotea. Nje ya televisheni mambo yalikuwa magumu. Msukosuko wa fedha wa mwaka 1997 ulikuwa umewatoa makazini watu wengi mno, na wanawake walipunguzwa upesi. Ziko taasisi ambamo mume na mke waliofanya kazi pamoja walitakiwa mmoja wao ajiuzulu, na aliyejiuzulu, kama mtu atakavyokisia, mara nyingi alikuwa mke. Mwanamke wa miaka 30 asiye na mume wala kazi ya kudumu alihesabiwa kuwa amechelewa mara mbili.

Huyo ndiye Sam-soon, na wanawake wa Seoul walimtambua mara moja. Walisema kuwa kwa mara ya kwanza wameonyeshwa mtu anayekula akishikwa na njaa, anayetukana akionewa, anayeota ndoto za aibu na kuzisimulia, anayelewa na kulala na vipodozi usoni, na ambaye baada ya yote hayo huamka alfajiri akaenda kukanda unga. Kim Sun-a aliyemwigiza alijinenepesha kwa makusudi kwa ajili ya kazi ile, tendo lililozungumzwa sana kwa kuwa waigizaji wa kike walizoea kutakiwa kinyume chake. Na mwisho wa mwaka huo MBC ilimpa tuzo yake kuu kuliko zote. Mapenzi ya watazamaji yalimwagika hata nje ya tamthilia. Riwaya ya Momo ya Mjerumani Michael Ende, iliyotolewa kwanza mwaka 1973, ambayo katika tamthilia anasomewa mtoto Mi-joo aliyenyamaza kwa majonzi tangu wazazi wake wafe ajalini, ilinunuliwa madukani kwa wingi hata ikapanda katika orodha za vitabu vinavyouzika sana Korea, zaidi ya miaka 30 baada ya kuandikwa. Kazi ya upishi wa keki, ambayo wengi hawakuwa wameifikiria kuwa ni fani yenye heshima yake, iliwavutia vijana wa kike na wa kiume. Na zile ngazi za mlima Namsan, katikati ya jiji, ambako Sam-soon na Jin-heon wanabusiana mwishoni, zimechukua jina la mwanamke huyo miongoni mwa wenyeji.

Mwaka huohuo ambao watu walicheka mbele ya televisheni, mambo mazito yalikuwa yakiamuliwa katika mabaraza ya nchi. Mwezi wa Februari 2005 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba utaratibu wa zamani wa kumfanya mwanamume kuwa mkuu wa ukoo katika daftari la serikali, na kumhamisha mwanamke kutoka chini ya baba hadi chini ya mume, haupatani na katiba. Mwezi uliofuata Bunge likapitisha sheria ya kuuondoa, na utaratibu huo ukafutika kabisa mwanzo wa mwaka 2008. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo wa 2005 Mahakama ya Juu ya Korea ikaamua kuwa mtu anayeomba kubadili jina akubaliwe, maadamu hana nia ya kukwepa sheria. Sidai kuwa tamthilia ndiyo iliyowasukuma mahakimu, wala sidai kuwa mahakimu ndio waliomtuma mwandishi; nasema tu kuwa Kim Do-woo aliandika juu ya mwanamke anayeudhiwa na jina, ukoo na umri katika mwaka uleule ambao taifa zima lilikuwa likijiuliza mwanamke ni wa nani, na watazamaji waliosikia mambo hayo mchana katika habari waliyasikia tena usiku katika mchezo.

Haikuwa kwamba wote walikubaliana. Ubishi mkali ulimzunguka Yu Hee-jin, aliyeigizwa na Jung Ryeo-won, mpenzi wa kwanza wa Jin-heon, ambaye alimwacha bila ya maelezo akaenda Marekani kutibiwa saratani ya tumbo, akaficha maradhi yake kwa huruma, kisha akarudi baada ya miaka mitatu kudai mahali pake. Wako waliosema haki ni yake kwa kuwa alitangulia na aliteseka peke yake. Wako waliosema mapenzi si amana ya kuweka na kuja kuchukua. Mimi naona kuwa mwandishi alifanya jambo la insafu kubwa alipokataa kumfanya Hee-jin kuwa mwovu, kwani katika tamthilia nyingi mwanamke wa pili hutiwa hila na husuda ili tumwache bila majuto, lakini hapa hatuna ruhusa hiyo, na furaha ya Sam-soon ina gharama tunayoiona usoni mwa mtu mwema. Daktari Henry aliyemfuata Hee-jin kutoka Marekani, aliyeigizwa na Daniel Henney, aliwapunguzia watazamaji uchungu huo kwa uzuri wake na upole wake, na akawa mashuhuri papo hapo.

Mwisho nao ulileta maneno. Hapakuwa na harusi. Mama yake Jin-heon, aliyeigizwa kwa ukali na ucheshi na bibi Na Moon-hee, hajaridhia. Wapenzi wanapanda ngazi za Namsan wakiwa hawajui yatakayokuja, na Sam-soon anakiri katika fikira zake kuwa huenda siku moja wakaachana, lakini anajua la kufanya leo: kuoka, kupenda, na kuishi kwa jina lake lilelile. Watu waliozoea hatima ya pete na arusi waliona wamepunjwa. Kwangu huo ndio mwisho wa kweli kuliko miisho yote niijuayo ya tamthilia za aina hii, kwa sababu mwanamke hakupewa mume kuwa ujira wa mateso yake. Alibaki na kazi yake, na sasa ni kazi yake mwenyewe, aliyoianzisha pamoja na dada yake aliyeachika.

Nchi nyingine zilimpokea Sam-soon kwa shangwe. Nchini Ufilipino, baada ya tamthilia kuonyeshwa kwa lugha ya huko, kituo cha GMA kilitengeneza toleo lake chenyewe mwaka 2008, na mwimbaji maarufu Regine Velasquez akamwigiza Sam-soon. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyeijua tamthilia ya Kikorea kwanza kwa Jumong, mfalme wa mishale, huenda akastaajabu kusikia kuwa kituo kilekile cha MBC kilichomleta mfalme huyo mwaka 2006 ndicho kilichomtangulizia mpishi wa keki kwa mwaka mmoja tu.

Kisha miaka ikapita, na hukumu ikaanza kusikilizwa upya. Mwaka 2005 wastani wa umri wa mwanamke wa Korea aliyeolewa kwa mara ya kwanza ulikuwa miaka 27.7, mwaka 2023 ulikuwa umefika 31.5. Maana yake ni kwamba Sam-soon, aliyeitwa mwanamke aliyedoda kwa umri wa miaka 30, leo angekuwa mdogo kuliko bibi harusi wa kawaida, na vijana wanaomtazama sasa wanauliza kwa dhati mzee ni nani hapa. Wanauliza pia unene uko wapi, kwani wanachokiona ni mwanamke mwenye afya yake. Lakini swali lao kubwa linamhusu Jin-heon. Mwaka 2018 wanawake wa Korea, wakitanguliwa na mwendesha mashtaka mmoja wa serikali, walijitokeza hadharani kusema waliyotendwa na wakubwa wao wa kazi. Na tarehe 16 Julai 2019 sheria ya kukataza uonevu mahali pa kazi ikaanza kutumika. Mtu aliyekulia katika mambo hayo anapomwona mwajiri akimshika mwajiriwa wake kifundo cha mkono na kumkokota, akimfokea mbele ya wenzake, akinunua kwake uchumba wa uongo kwa fedha, hawezi kuona mahaba kabla ya kuona mamlaka.

Hoja hizo zilipamba moto Septemba 2024, pale Wavve, kampuni ya kuonyesha tamthilia mtandaoni, ilipoitoa upya kwa picha zilizong'arishwa, Kim Yoon-chul mwenyewe akiwa ameikata na kuiunga tena kuwa sehemu 8. Wazee wa mwaka 2005, ikiwa inajuzu kuwaita wazee watu wa makamo, walisema kuwa zama zile zilikuwa zama zile; vijana wakajibu kuwa dhuluma haigeuki hisani kwa kuwa imezoeleka.

Katika hukumu hii nasimama na vijana kwa Jin-heon, na nasimama na mama zao kwa Sam-soon. Udhuru wa zama hauwezi kumfaa bwana yule, kwa sababu moja ambayo pande zote mbili aghalabu huisahau: Sam-soon mwenyewe alimkatalia. Shutuma wanazomtupia watazamaji wa leo zilikuwa katika ulimi wake siku ileile ya kwanza. Alimtukana, alimjibu, alimtaka amheshimu akiwa mtu na akiwa fundi, na hasira zake hazikuandikwa ili tuzicheke tu. Kim Do-woo alijua vema ubaya wa yule kijana, akaujibu kwa kinywa cha mwanamke, na nusu ya Korea iliketi kumsikiliza. Kwa hiyo wanaosema kuwa mwaka 2005 hapana aliyeona kosa wanamdhulumu mwandishi, tena wanamdhulumu Sam-soon.

Atakayependa kuingia katika shauri hili na aanze na sehemu 16 za mwaka 2005 kabla ya zile 8 za mwaka 2024, na aitazame pamoja na mtu aliyemzidi au aliyezidiwa naye kwa miaka 20, kisha wasikilizane.