Hadithi za Unguja na Nyimbo Zilizopotea

Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Unguja mwaka 1864, hakuja kutafuta ngano. Alitaka kujifunza Kiswahili kinavyosemwa barazani, apate kuhubiri na kutafsiri Biblia, na wasimulizi wakawa walimu wake. Mwaka 1870 hadithi zao zilitoka kitabuni huko London, Kiswahili kikitazamana na Kiingereza.

Imo ile iitwayo ya punda wa dobi, ingawa yaanza kwa papa na kima. Papa amwalika kima kwao, na wakiwa baharini amfichulia kuwa sultani wao ni mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima, bila kutetereka, ajibu kwamba moyo ameuacha juu ya mkuyu. Wahindi wanacho kisa hiki katika Panchatantra, ila huko ni mamba. Katika Kalila wa Dimna ya Waarabu ni kobe. Jahazi za kaskazi hazikubeba tende tu.

Wataalamu wa Ulaya walipenda mno ufanano wa namna hii. Mwaka 1910 Antti Aarne wa Finland alianza kuorodhesha ngano kwa namba, kisha Mmarekani Stith Thompson akaipanua orodha hiyo. Kima na moyo wake wana namba 91. Paka wa Charles Perrault, aliyemtajirisha bwana wake, ana 545, namba inayomfaa pia paa wa Unguja, wa kitabu hicho cha Steere, aliyemtoa maskini Hamdani jaani na kumfanya Sultani Darai. Lakini yule paka wa mwaka 1697 aliishia kuwa bwana mkubwa. Paa wetu aliugua, akadharauliwa na aliyemfadhili, akafa. Naye Hamdani akajikuta tena jaani akichakura. Namba moja, hadithi mbili!

Wimbo nao haukupewa namba. Ajabu ni kwamba Steere aliutambua umuhimu wake mapema: katika dibaji yake alieleza kuwa hadhira yote huitikia kiitikio, na kwamba mara nyingi uti wa mgongo wa hadithi umo katika vipande vya kuimbwa, msimulizi akivishonanisha kwa maneno ya papo kwa papo. Wapanga orodha walibeba yale maneno.

Mtafiti Ruth Finnegan, aliyeishi na Walimba wa Sierra Leone miaka ya 1960, alishikilia kwamba fasihi simulizi haichambuliki bila sauti, hadhira na utendaji wenyewe. Kitabu chake kuhusu fasihi hiyo kilitoka mwaka 1970, na maneno ya Steere kuhusu nyimbo yamenukuliwa humo.