Pumzi ya Mchina, Ngoma ya Bujora

Bibi yangu aliniuliza swali asubuhi moja, nami nikakosa jibu. Nilikuwa nimesimama uani kwetu hapa Igoma, magoti nimeyakunja kidogo, mikono mbele kama mtu aliyekumbatia mtungi, nahesabu pumzi. Bibi akatoka na ndoo yake, akasimama akanitazama weee!

“Mjukuu wangu, umebadili dini?”

Nikacheka, nikamwambia ni mazoezi tu. Akatikisa kichwa. “Mazoezi gani hayo, mtu hakimbii wala haruki? Huyo unayemwinamia ni nani?”

Ndugu msomaji, kicheko si jibu. Zoezi lile nilionyeshwa na rafiki yangu aliyefanya kibarua kwenye ujenzi wa daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025. Pale mafundi wa Kichina walikuwepo, naye aliiga kwa macho tu. Mimi nikaiga kwake. Asili yake hatukuijua sote wawili. Sasa kijana anayeota kuandika riwaya, na hajui asili ya jambo analolifanya kila siku, ataandika nini? Nikaanza kusoma.

Kwanza nikakuta kwamba bibi hakukosea. Mazoezi haya, taichi na ndugu zake, yamekulia karibu sana na Utao, mafundisho ya kale ya Uchina yanayohusishwa na mzee Laozi. Watao walihimiza mtu aende na maumbile kama maji yanavyokwenda na bonde, asishindane nayo. Mwaka 1973 wachimbaji wa mambo ya kale walifungua kaburi huko Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo. Ndani mlikuwa na kitambaa cha hariri chenye picha 44 za watu, wake kwa waume, wakijinyoosha na kuiga ndege na wanyama. Baadaye wapo Watao waliotumia pumzi kutafuta maisha yasiyo na kifo, pamoja na ubani, sala na miungu yao. Kwa hiyo dini ilikuwepo. Anayekataa anadanganya.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwepo kada kijana wa Chama cha Kikomunisti mkoani Hebei, jina lake Liu Guizhen, aliyeteswa na vidonda vya tumbo. Alifundishwa mazoezi ya pumzi ya kimapokeo, akapata nafuu. Chama hakikutaka habari za miungu, ila kilitaka wananchi wenye afya, na hospitali zilikuwa chache. Basi Liu na wenzake wakayachambua yale mazoezi kama mtu apetavyo mchele. Maneno ya siri aliyoyataja mwanafunzi wakati wa kuvuta pumzi yakaondolewa, yakawekwa maneno ya kawaida tu kuhusu kutulia na afya. Mwaka 1956 Kamati ya Michezo ya taifa ikatoa taichi fupi ya hatua 24 ili ifundishwe kwa watu wote. Hapo ndipo jambo la watawa lilipogeuka kuwa somo.

Wala haikuwa njia nyoofu. Mapinduzi ya Utamaduni yaliyoanza mwaka 1966 yalipokaribia, Liu yule yule alishutumiwa na kazi yake ikafungwa. Mwaka 1999 serikali ikapiga marufuku kundi la Falun Gong, lililounganisha mazoezi na imani. Mwaka 2003 ikatoa mafunzo yake rasmi ya pumzi, na mwaka 2020 UNESCO ikaiandika taichi katika urithi wa binadamu. Utaona kwamba mpaka kati ya zoezi na dini huchorwa na watu, na waliouchora wanaweza kuusogeza.

Kwetu je? Mwalimu Nyerere alizuru Uchina Februari 1965. Madaktari wa Kichina walifika bara mwaka 1968, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikajengwa kati ya 1970 na 1975. Angalia miaka hiyo: ndiyo ile ambayo mambo ya kale yalikuwa yanapigwa vita kwao. Nadhani ndiyo maana wazee wetu wanamjua Mchina wa reli na sindano, hawamjui Mchina wa pumzi. Wajomba zetu nao wakamjua Mchina wa vibanda vya video, Bruce Lee na mateke yake. Hadi zilipofunguliwa taasisi za Confucius katika vyuo vikuu vya Dodoma na Dar es Salaam mwaka 2013, na kituo cha utamaduni wa Kichina jijini Dar mwaka 2015, ndipo mambo haya yakaja kwa jina la elimu.

Nilipofika hapo nikakumbuka Bujora. Ukipanda daladala hapa Igoma kuelekea Kisesa, hufiki mbali. Ngoma za Wasukuma, Bagika na Bagalu, zilizaliwa katika ushindani wa waganga wawili wa karne ya 19, na kila upande ulikuwa na dawa zake za kuvuta watazamaji. Katika miaka ya 1950 Padri David Clement akazikaribisha ngoma hizo kwenye sikukuu ya Ekaristi, sherehe tunayoiita Bulabo. Leo mtoto wa shule anafundishwa hatua zile bila kuchanjwa chale. Je, ameingia uganga? Hata kidogo! Lakini akiambiwa kwamba uganga haukuwepo, ameibiwa historia yake.

Jioni nikamweleza bibi yote hayo. Nikamwambia: dini ilikuwepo, wenyewe wakaichambua, na mimi nimechukua kusimama na kupumua. Alinyamaza kitambo. Yeye mwenyewe alicheza Bulabo usichanani mwake.

Kesho yake alfajiri nikasikia kandambili nyuma yangu. Bibi akasimama, akakunja magoti kadiri yalivyokubali.

“Nionyeshe,” akasema. “Ila ukitaja jina la mtu nisiyemjua, naacha.”

Sikutaja jina la mtu. Tulihesabu pumzi kwa Kisukuma.