Theluji Iliyotangulia Majira: Je, Yastahili Makala Yake katika Ensaiklopidia?

Ensaiklopidia ya zamani ilikuwa na mlinzi asiyebembelezeka, nayo ni karatasi. Diderot na d'Alembert, waliotoa juzuu yao ya kwanza mjini Paris mwaka 1751, na wahariri wa Britannica iliyoanza kutoka Edinburgh mwaka 1768, walilazimika kuacha mengi nje. Wikipedia ilipoanzishwa Januari 2001, mlinzi huyo aliondoka. Swali likawa si kama nafasi ipo, bali kama jambo lenyewe lastahili. Theluji huanguka kaskazini kila mwaka, na ensaiklopidia si daftari la hali ya hewa.

Hebu itazamwe dhoruba iliyoipiga kaskazini-mashariki ya Marekani tarehe 29 Oktoba 2011. Katika mji mdogo wa Peru, jimbo la Massachusetts, theluji ilifikia kina cha sentimita 81 hivi. Lakini katika bustani ya Central Park, New York, haikuzidi sentimita 7 na ushei. Kiasi ambacho mwezi wa Januari kisingemshtua mtu. Hata hivyo, tangu vipimo vianze kuwekwa huko mwaka 1869, Oktoba haikuwa imewahi kuleta theluji nyingi namna hiyo.

Rekodi, hata hivyo, ni hoja dhaifu. Kila mwaka huvunja rekodi fulani mahali fulani. Hoja yenye uzito imo mitini. Mwishoni mwa Oktoba miti mingi ilikuwa bado haijapukutika, na theluji ya wakati huo, kwa kuwa hewa haijapoa sawasawa, huwa imejaa maji na ni nzito. Ikanata majanini, matawi yakavunjika, yakaangukia nyaya. Wateja zaidi ya milioni 3 wakakosa umeme. Katika Connecticut, iliyokuwa imeathiriwa na tufani Irene miezi miwili tu kabla, wako waliokaa gizani zaidi ya juma zima. Mkuu wa kampuni kubwa ya umeme ya jimbo hilo alijiuzulu Novemba, huku lawama zikimwandama, na mwaka 2012 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuzibana kampuni za umeme zijiandae kwa dharura.

Hapo ndipo dhoruba inapotoka katika habari za hali ya hewa na kuingia katika historia. Dhoruba kuu ya Machi 1888, iliyoua watu zaidi ya 400, haikumbukwi kwa kina chake pekee. Iliharakisha kazi ya kuzika nyaya za New York chini ya ardhi. Wanaopinga makala za namna hii wana haki kwa jambo moja: makala iandikwayo theluji ingali ikianguka ni gazeti, kwani mwandishi hawezi kujua kitakachofuata. Dawa yake ni kungoja, wala si kufuta.

Taabu ni kwamba kungoja nako hupendelea wenye kumbukumbu nyingi. Tarehe 4 Oktoba 1987 mji wa Albany ulipata sentimita 16 na nusu, miti ikiwa na majani vilevile, umeme ukakatika vilevile. Anayeikubali ile ya 2011 na kuikataa hii, kwa sababu tu magazeti ya 1987 yamo makabatini, atakuwa amepima urahisi wa utafiti, hakuipima dhoruba.