Mlango wa Wanafunzi na Mlango wa Walimu

Katika historia ya elimu nchini Marekani, tarehe 17 Mei 1954 hutajwa kuwa siku ya ushindi, na ni haki itajwe hivyo. Siku hiyo Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Earl Warren, iliamua katika kesi ya Brown kwamba kuwatenga watoto weusi na weupe katika shule za umma ni kuvunja katiba. Lakini sisi walimu tuisomapo hukumu hiyo, hatuna budi kuuliza swali ambalo wengi hulipita kwa haraka: watoto walipokusanywa pamoja, walimu wao walikwenda wapi?

Kabla ya hukumu hiyo, shule za watu weusi katika majimbo ya Kusini zilinyimwa fedha, majengo na vitabu. Walimu hawakunyimwa watoto hao. Ualimu ulikuwa mojawapo ya kazi chache za heshima ambazo msomi mweusi aliweza kuzipata, hivyo madarasa yale maskini yalifundishwa na baadhi ya watu wenye elimu bora katika jamii yao. Mishahara yao ilikuwa duni kwa sababu ya rangi tu. Mwaka 1940, Melvin Alston, mwalimu wa mji wa Norfolk, Virginia, alishinda rufani dhidi ya ubaguzi huo wa mishahara, akitetewa na mawakili ambao miongoni mwao alikuwamo Thurgood Marshall.

Hukumu ya mwaka 1954 iliwataja wanafunzi. Haikusema lolote juu ya ajira ya walimu. Wakati huo walimu weusi walikadiriwa kuwa 82,000. Kati ya mwaka 1954 na 1965, inakadiriwa kwamba walimu na wakuu wa shule weusi zaidi ya 38,000 walipoteza nafasi zao katika majimbo 17 ya Kusini na ya mpakani. Njia iliyotumika ilikuwa nyepesi. Shule mbili zilipounganishwa, iliyofungwa kwa kawaida ilikuwa ile ya weusi. Watoto walihamishwa, bali walimu waliachwa nje. Mjini Moberly, Missouri, mwaka 1955, walimu weusi 11 hawakuajiriwa tena baada ya shule yao kufungwa. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1959 mahakama ya rufani ikakubaliana na bodi ya shule kwamba wenzao walichaguliwa kwa sifa za kazi. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Na kisu cha ajira kilikuwa mikononi mwa bodi.

Wengine waliondolewa kwa sheria. Mwaka 1956 jimbo la South Carolina liliwakataza watumishi wa umma kuwa wanachama wa NAACP, chama kilichotetea haki za weusi. Septima Clark, aliyeanza kufundisha mwaka 1916, alikataa kuuficha uanachama wake. Alifukuzwa kazi, akapoteza na pensheni yake, ambayo alirudishiwa mwaka 1976. Hata hivyo hakuacha ualimu: alisaidia kuanzisha madarasa ya watu wazima katika kisiwa cha Johns, ambako wasiojua kusoma walijifunza ili waweze kujiandikisha kupiga kura.

Baadaye mahakama ziliagiza kwamba walimu wanapopunguzwa, rangi isiwe kipimo. Maagizo hayo yalikuja wengi wakiwa wamekwisha kuondoka. Takwimu za mwaka wa masomo 2020–21 zilionyesha kwamba walimu weusi walikuwa kiasi cha asilimia 6 tu ya walimu wa shule za umma, hali wanafunzi weusi walikuwa kiasi cha asilimia 15. Hatusemi kwamba pengo hilo lote limetokana na miaka ile; bali kizazi cha walimu kilichovunjwa hakiwezi kuacha warithi wengi.

Hatuandiki haya kwa kuzililia shule za ubaguzi, la hasha. Tunachosema ni kwamba kuchanganya wanafunzi ni nusu ya kazi. Majirani zetu wa Kenya nao walirithi kutoka kwa wakoloni shule zilizotengwa za Wazungu, Waasia na Waafrika. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilitaka utengano huo ukome, na mwaka 1967 ikaanza Tume ya Kuwaajiri Walimu, ili mwalimu wa shule ya umma awe na mwajiri mmoja. Suala la nani aajiri na nani afukuze halikuachiwa kila bodi peke yake.

Basi tunapofundisha historia ya kupigania usawa shuleni, tusiishie kwa mtoto aliyefunguliwa mlango. Tumwulize pia mwanafunzi wetu: nani alikuwa amesimama mbele ya ubao, na nani alikuwa na uwezo wa kumwondoa?