Hukumu ya maadili

Hukumu ya maadili ni uamuzi wa mtu kwamba tendo ni jema au baya, na kwamba mtendaji anastahili lawama kiasi gani. Kwa mfano, mkoani Katavi, katika kata kama Litapunga, ng'ombe wakiingia kwenye mahindi hasara ni ile ile. Linalobishaniwa ni kama mchungaji alikusudia au alipitiwa na usingizi.

Mwanasaikolojia Jean Piaget (1932) aliwauliza watoto wa Uswisi nani amekosa zaidi: aliyevunja vikombe 15 kwa bahati mbaya, au aliyevunja kimoja akidokoa jamu. Wadogo mara nyingi walitazama hasara, wakubwa nia. Lakini si haki kuifanya njia hiyo ya kutoka hasara kwenda nia kuwa ya binadamu wote. Utafiti wa jamii 10 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa Wahadza wa eneo la Ziwa Eyasi nchini Tanzania waliona kutia sumu kwenye maji ya kijiji ni kosa kubwa mno, iwe kwa makusudi au la.

Sheria nayo huangalia umri na uwezo wa kujua kosa: Tanzania Bara, Kanuni ya Adhabu haimtii hatiani mtoto wa chini ya miaka 10. Wa chini ya 12 hawajibiki mpaka ithibitishwe kuwa aliweza kujua hakupaswa kutenda.