Mtolee Mungu, Sawa. Lakini Mateso ya Nani?

Ukilelewa Mkatoliki hapa Karatina, kuna maneno mawili umeyasikia tangu ukiwa mdogo. Jino likiuma: mtolee Mungu. Ukikosa nauli ukatembea kutoka sokoni hadi nyumbani: mtolee Mungu. Na kama kuna mjomba analala mtaroni kila wikendi kwa sababu ya pombe, basi jumuiya inakuja kusali rozari na mtu anafunga, mateso yote yakitolewa ili mzee aongoke.

Wasee wengi wa rika langu wanacheka hapo. Mimi pia hucheka kidogo. Lakini hii kitu ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo iko hapa hapa Nyeri, kwa hivyo tusiicheke kabla hatujaijua.

Kwanza mafundisho yenyewe, haraka haraka. Paulo aliwaandikia Wakolosai kwamba anafurahia mateso yake kwa ajili yao, na kwamba anatimiza mwilini mwake yaliyopungua katika mateso ya Kristo kwa ajili ya Kanisa. Kutoka hapo Wakatoliki wakajenga wazo kwamba maumivu yako yanaweza kuunganishwa na msalaba na yakamsaidia mtu mwingine, hata kama hajui unamwombea. Monika wa Afrika Kaskazini alimlilia mwanawe Augustino kwa miaka mingi mpaka kijana akabatizwa mwaka 387. Mwaka 1887 huko Ufaransa, msichana wa miaka 14 aitwaye Thérèse alisikia kuhusu muuaji Pranzini aliyehukumiwa kukatwa kichwa bila kujutia. Akaanza kumwombea na kumtolea sadaka zake ndogo ndogo. Baadaye akasoma gazetini kwamba dakika ya mwisho Pranzini aliubusu msalaba. Thérèse aliingia utawani, akafa akiwa na miaka 24, na hakuwahi kufika misheni yoyote. Lakini mwaka 1927 Papa Pius XI akamtangaza msimamizi wa misheni duniani kote.

Miaka mitatu baada ya tangazo hilo, sista mmoja Mwitaliano alikufa kwa tauni pale Gikondi, Mukurwe-ini.

Jina lake Irene Stefani, mzaliwa wa Anfo, kaskazini mwa Italia, 1891. Alikuwa Mmisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa na Giuseppe Allamano huko Turin, ambalo mapadri wake wa kwanza walifika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902. Irene alifika mwanzoni mwa 1915, na wakati huo Ulaya ilikuwa imeleta vita vyake hadi kwetu. Waingereza walikuwa wanawachukua wanaume wa Kiafrika kwa nguvu kubeba risasi na chakula cha jeshi kupigana na Wajerumani Tanganyika. Hao ndio Carrier Corps. Ukienda Kariokor Nairobi kula nyama, au Kariakoo Dar es Salaam kununua viatu, unatamka jina lao bila kujua. Walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa, kuhara na malaria.

Irene aliwauguza katika hospitali za Voi, Kilwa na Dar es Salaam. Kuna simulizi la Kilwa ambalo haliniachi. Maiti zilikuwa zinapelekwa ufukweni, na mgonjwa mmoja aliyekuwa akimhudumia akachukuliwa pamoja nazo, ikidhaniwa ameshakata roho. Irene alienda kumtafuta kati ya maiti mpaka akampata, bado anapumua.

Sasa tuseme ukweli. Katika zile hospitali alibatiza watu wengi waliokuwa wanakufa. Mtu ametolewa kwao kwa nguvu, amebebeshwa mzigo mpaka mwili umekwisha, halafu anaulizwa kuhusu mbingu akiwa hata kuinua mkono hawezi. Huo ni wongofu gani? Nikikwambia swali hilo halinisumbui nitakuwa nadanganya. Ila pia naona kwamba katika mashine yote ile, yeye alikuwa mmoja wa wachache waliotaka kujua jina la mbebaji.

Kutoka 1920 alikaa Gikondi. Alifundisha na kuuguza, akapanda na kushuka yale matuta na mabuti yake makubwa. Kijana akienda kutafuta kazi Nairobi au Mombasa, wazazi wasiojua kuandika walimwendea Irene awaandikie barua. Watu wakamwita Nyaatha, mwenye huruma.

Linganisha na kilichokuwa kinaendelea jirani. Mwaka 1929 misheni za Waskoti, ikiwemo Tumutumu yetu hapa juu ya Karatina, ziliwataka Wakristo waweke kidole kwenye karatasi kukataa tohara ya wasichana. Watu waliiita kirore. Sitetei ukeketaji hata kidogo. Lakini wengi waliona wanaamrishwa, wakatoka, na shule huru za Kikuyu zikapata nguvu. Mzungu alitaka wao wabadilike, na gharama yote iwe juu yao.

Septemba 1930, Irene alikuwa kwenye mafungo Nyeri. Hapo aliomba ruhusa kwa mkuu wake atoe maisha yake kwa ajili ya misheni. Aliomba ruhusa! Hiyo ndiyo sehemu inayonishangaza, kwamba hata kufa ni lazima upitie ofisi. Akarudi Gikondi. Mwezi uliofuata tauni ikawa imeingia, akamuuguza mwalimu mmoja aliyeugua, naye akaambukizwa. Alikufa tarehe 31 Oktoba 1930, miaka 39.

Hapa ndipo nina ugomvi na wanaotuambia "mtolee Mungu". Irene alitoa mwili wake mwenyewe, na aliutoa akiwa anamshika mgonjwa mkono. Hakukaa chini kungoja. Mama anayepigwa na mume mlevi akiambiwa avumilie, atolee, siku moja mzee ataongoka, huyo anayemshauri anatoa sadaka ya mbavu za mtu mwingine. Bure kabisa. Na Monika anatumiwa hivyo sana, kana kwamba kazi yake ilikuwa kunyamaza. Yule mama alimfuata mwanawe mpaka ng'ambo ya bahari, Italia.

Ukitaka kumtolea mjomba sadaka, sali, sikukatazi. Lakini pia mpeleke hospitali, na ukae naye usiku ule anatetemeka kwa kukosa pombe. Hiyo nayo inauma, na ni yako.

Tarehe 23 Mei 2015 maelfu walijaa uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Irene akatangazwa Mwenye Heri, ibada ya kwanza ya aina hiyo kufanyika Kenya. Muujiza uliokubaliwa ulitoka Nipepe, Msumbiji, 1989, wakati wa vita: watu waliojificha kanisani walimwomba, na maji ya kisima cha ubatizo yakawatosha kwa siku kadhaa. Mabaki yake sasa yako kanisa kuu la Nyeri. Roma ilimpa cheo miaka 85 baada ya kufa. Lile jina Nyaatha alipewa na watu wa Gikondi akiwa bado anatembea na yale mabuti.